Sajini Kache na Wanawake wa Kuze

Kache Tsofa alipoacha jeshi, mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne, alirudi pwani na sanduku la bati, jozi ya viatu vyeusi vinavyong'aa, na sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyompa usajini. Kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa gwaride wa wanajeshi wanawake kule Nairobi, na alipopaaza amri uwanjani, hata waliokuwa wakipiga pasi mabwenini walijikuta wamesimama wima. Muda wake wa utumishi ulipokwisha aliulizwa kama angependa kuongeza. Alifikiri, akakataa. Mamake alikuwa amezeeka kule Kaloleni, magoti yake mwenyewe yalikuwa yameanza kumsumbua, na aliona ni vizuri aondoke ilhali kazi bado aipenda.

Kazi nyingine aliipata bila taabu. Shule moja ya wasichana huko Kizingo ilikuwa ikitafuta mlinzi mwanamke wa kukaa langoni. Chumba nacho alikipata Kuze, mtaa wa kale wa vichochoro, chini katika nyumba ya Bi Mwanaesha, mjane aliyeishi juu na bintiye Fadhiya. Kila asubuhi Kache alitoka kwa miguu kuelekea Kizingo, mgongo umenyooka, visigino vikilia juu ya mawe ya kichochoro, na kila alasiri akarudi vivyo hivyo. Watoto wa chuo cha Kurani waliacha kusoma wakamchungulia, mpaka maalimu awagongee bakora mezani.

Kilichomshinda ni kile kipande cha siku kilichobaki baada ya kazi. Kambini aliishi bweni moja na wanawake ishirini. Huko mtu hakuweza kuumwa na jino wenziwe wasijue. Aliyelala kitanda cha pili, koplo mmoja jina lake Mirriam, alikuwa na mazoea ya kusimulia ndoto zake zote kabla ya kupiga mswaki, na Kache alikuwa akimkaripia kila siku anyamaze. Sasa angetoa mshahara wa mwezi mzima asikie ndoto moja ya Mirriam. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akasonga ugali, na ugali wenyewe ukamzidi, maana mkono wake haukujua bado kupika cha mtu mmoja. Akala, akaosha sahani, akapaka viatu rangi. Kisha akakaa kitandani akitazama ukuta.

Kuhusu majirani, kosa halikuwa la mtu. Bi Mwanaesha akisema, "Sabalkheri mwanangu, umeamkaje? Hali yako? Na hao wa Kaloleni wote hawajambo?" Kache alijibu "Salama, mama," na kufikia hapo miguu ishampeleka nyumba ya tatu. Jeshini salamu ni kupiga saluti na kuendelea na safari. Kuze, mtu anayejibu neno moja ama ana msiba ama ana maringo, na kwa kuwa hawakusikia msiba wowote, wakaamua ni maringo. Naye Kache, akisikia vicheko vikishuka kutoka juu, alijiambia kwamba watu wa mji wana watu wao, hawamhitaji askari wa kutoka bara ya Kaloleni mwenye suruali. Ikawa kila upande wamngojea mwenzake.

Mambo yalibadilika Ijumaa moja ya Januari.

Mwaka ule maji ya bomba yalikuwa yakija yakitaka. Siku hiyo yalikuwa hayajaja tangu Jumatano, na Kache, kwa mazoea ya kambini, alikuwa na akiba ya ndoo moja iliyojaa, kaifunika vizuri kwa sinia. Nyumba iliyoelekeana na yake ilikuwa ya Bi Shekuwe, mshona kofia, mama mnene mwenye ulimi mwepesi, ambaye tangu Kache ahamie alikuwa akimtazama kutoka dirishani na kupata kazi kubwa ya kutomsemesha. Alasiri hiyo alikuwa amekaa mlangoni pake, jiko la makaa mbele yake, birika la chai linachemka, na sahani ya mahamri pembeni. Sijui ni harufu ya iliki iliyomlainisha moyo, au ni kumwona Kache amerudi kazini akaingia ndani bila kumwangalia mtu. Alipaaza sauti:

"Kache! We Kache! Ndoo!"

Kwa Kimvita, lahaja ya watu wa Kuze, mtu akikwambia ndoo, anakuita uje. Kache alikuwa akijua hivyo tangu utotoni. Lakini sikio lake lilikuwa limekaa Nairobi miaka mingi, na siku tatu hizo hakuwaza kingine ila maji. Alichosikia ni ndoo.

"Ndoo upesi, mama!" akaita tena Bi Shekuwe.

Kache akachungulia, akaona moshi. Hakuuliza. Alinyakua ndoo yake ya akiba, akaruka kizingiti, na kwa hatua tatu akawa yuko ng'ambo ya kichochoro. Maji yote yakaenda juu ya jiko. Makaa yakalia *shaaa*, birika likapinduka, mvuke ukapanda hadi dirisha la ghorofa ya kwanza, na mahamri yakaelea kwenye sahani.

Bi Shekuwe alikuwa amelowa hadi kifuani. Alimtazama Kache, akatazama jiko, akamtazama Kache tena.

"Mwanangu," akasema pole pole, "nimekwita uje unywe chai."

Kache alisimama na ndoo tupu mkononi. Uso ulimwaka moto kuliko lile jiko. Alifungua kinywa aombe radhi, na badala ya radhi kikatoka kicheko. Kilianza kidogo, kama kikohozi, kisha kikamshinda nguvu akalazimika kushika ukuta. Bi Shekuwe naye akaanza, tumbo likimtikisika chini ya leso iliyolowa. Dirisha la juu likafunguka, Bi Mwanaesha akatoa kichwa kuuliza kuna nini, na Bi Shekuwe akamjibu huku machozi yakimtoka: "Nimempa sajini hamri, yeye kanipa josho!"

Habari ilifika mtaa wa pili, Makadara, kabla ya magharibi. Kutoka siku hiyo hakuna aliyemwita Kache mwenye maringo. Wakimwona waliita, "Sajini, ndoo!" kisha wakajiinamia kwa kucheka, naye akajifunza kusimama, kujibu hali yake, kuuliza za mtu na za watoto wa mtu, na kupokea hamri.

Ramadhani ikaja ikaenda. Harusi ya Fadhiya ilikuwa imewekwa mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na siku moja Bi Mwanaesha akashuka ngazi mwenyewe, akabisha hodi.

"Kesho baada ya adhuhuri twachagua mchele, mwanangu. Nawe uje."

"Mimi, mama? Mimi si mtu wa…" Kache hakujua amalizie vipi. Si mtu wa dini yenu, si mtu wa mji, si mtu wa shughuli. Yote yalikuwa kweli.

"Una macho?" akauliza Bi Mwanaesha.

"Ninayo."

"Basi waweza kuona changarawe. Ndoo." Akacheka, akapanda zake.

Juu kulikuwa kumetandikwa majamvi ukuta kwa ukuta, na wanawake wamekaa wamenyoosha miguu, kila mmoja na sinia mapajani. Kache aliingia amevaa suruali yake ya khaki aliyoipiga pasi ikawa na mikunjo miwili iliyosimama. Bi Shekuwe akamkagua toka chini hadi juu.

"Keti, Sajini. Mchele huu haupigwi risasi, wachaguliwa tu."

Akaketi. Magoti yalilia, wote wakayasikia, na kicheko kikampokea kama mto wa kuegemea. Mikono ikaanza kazi. Kwanza walimuuliza mambo madogo. Ni kweli wanawake hulala na bunduki? Chakula cha huko kina chumvi? Kisha Bi Shekuwe akataka kisa. Kache akawasimulia ile siku ya ukaguzi ambapo Mirriam alimficha paka wake kabatini, na mkuu wa kambi alipofungua kabati kukagua mashati, paka akamrukia kichwani akatoka mbio na kofia yake, kikosi kizima kimesimama wima, hakuna ruhusa ya kucheka, machozi yanawatiririka mashavuni. Alipomwiga yule mkuu akitafuta kofia yake kwa heshima zote, Bi Mwanaesha alimwaga sinia lake, wakarudia kuchagua upya. Kache alirudi chumbani jua limeshuka. Siku hiyo viatu havikupakwa rangi, na hakukumbuka.

Siku ya harusi yenyewe, asubuhi, mabomba yakakauka.

Mpishi, Mzee Abdulhalim, alikuwa amewasili na masufuria yake makubwa na watu wake. Kuni zilikuwa zimepangwa uwanja wa nyuma, nyama ya biriani imelala ndani ya viungo, viazi vimekaangwa. Kilichokosekana ni maji ya kuchemshia mchele. Mwenye mkokoteni aliyeagizwa alituma ujumbe kwamba huko Makadara nako hakuna tone. Kisima cha karibu kilikuwa ndani ya ua wa mzee mmoja, Athmani, vichochoro vitatu kutoka hapo. Mzee Athmani akafungua mlango wake na kusema chotani mpaka mchoke, lakini njia ya kufika huko ilikuwa na kona nyembamba ambayo watu wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma.

Wanawake walitoka kila mmoja na ndoo yake. Wa kwenda waligongana na wa kurudi. Maji yakamwagika, mtu akateleza, mwingine akasema hawezi kupita kwa sababu fulani ana makusudi, na fulani akajibu. Baada ya muda mrefu wa kelele, sufuria la kwanza lilikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu tu. Mzee Abdulhalim alitazama jua, akaangalia sufuria, akasema kwa upole kwamba wageni wakitoka msikitini watakula nyama na viazi. Bi Mwanaesha akaketi barazani. Hakulia, ila alishika kichwa kwa mikono miwili.

Kache alikuwa amesimama mlangoni kwake na ndoo mkononi, akingoja zamu. Tangu asubuhi alikuwa ameona tatizo liko wapi. Alijizuia. Shughuli si yake, na hapa hana cheo. Lakini alipomwona Bi Mwanaesha ameshika kichwa, sauti ikamtoka kabla hajairuhusu.

"Kikosi! Simama!"

Kichochoro kizima kikaganda. Aliyekuwa amenyanyua mguu alibaki nao juu. Barazani wanaume waliovaa kanzu waliinuka bila kujua kwa nini. Kache mwenyewe alishtuka. Akavuta pumzi, akashusha sauti kidogo.

"Niwieni radhi, mama zangu. Anayebeba maji hatembei. Maji ndiyo yatatembea. Tupange mstari toka kisimani mpaka kwa Mzee Abdulhalim, mtu na mwenziwe waweze kupokezana mkono kwa mkono. Ndoo iliyojaa ipite kulia, tupu irudi kushoto. Hakuna kugeuka, hakuna kwenda popote."

Wakatazamana. Wa kwanza kusogea alikuwa Bi Shekuwe.

"Na mimi nyonga zangu hizi waniweka wapi?"

"Wewe kona, Bi Shekuwe. Kona ndiyo yenye cheo cha koplo."

Bi Shekuwe akafunga buibui kiunoni, akaenda akasimama konani, na uso aliouvaa pale hata koplo wa kweli angemwogopa. Wengine wakafuata. Fahmi, mdogo wake Bi Mwanaesha, akaja kutoka barazani akakunja mikono ya kanzu. "Na sisi wanaume, Sajini?"

"Nyinyi kamba ya kisima. Vuteni, na kamba isisimame."

Ndoo ya kwanza ilipita kwa kusitasita, ikamwagika kidogo. Ya pili ilipita vizuri. Kufikia ya kumi mikono ilishajua yenyewe. Kache alitembea huku na huku akihesabu mwendo kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, mpaka mwanamke mmoja karibu na kisima akaona hesabu hiyo yafaa kuimbiwa. Akaanzisha wimbo wa vugo, ngoma ya harusi ya kugonga pembe. Mwingine akakimbia ndani akaleta pembe, zikagongwa, na mstari wote ukaitikia. Ndoo zikaanza kucheza. Kache akaacha kuhesabu, kwa sababu hapakuwa tena na haja. Akaingia nafasi iliyobaki tupu katikati ya mstari na kunyoosha mikono. Kulia kwake akamkuta Bi Mwanaesha mwenyewe, mama wa bibi harusi, ametoka barazani, leso imelowa, akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kache alipokea ndoo, akaipitisha, akapokea nyingine. Harufu ya jasho na udi na moshi wa kuni ilichanganyika. Alijua hisia hii. Alikuwa ameiacha Nairobi, langoni mwa kambi, akidhani hairuhusiwi kutoka nje.

Mzee Abdulhalim akapiga mwiko kwenye sufuria kuashiria yatosha. Hakuna aliyemsikia. Walijaza masufuria, wakajaza mapipa, wakajaza birika za kuogea za nyumba za jirani, na ilibidi Kache atoe amri ya pili ndipo waachane. Wageni walichelewa kula kidogo tu, na walisema biriani ile ilikuwa na baraka.

Jioni ya siku ya pili bibi harusi alitolewa ukumbini aonwe na wanawake wenziwe. Kache aliona sehemu yake imekwisha, akakaa chumbani. Mlango ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa Bi Shekuwe, mkononi kanzu ya hariri ya rangi ya zambarau na leso mpya.

"Sajini. Kombania yote, kikosi chako kizima, imefika. Asiyeripoti ni wewe."

"Sijui ngoma zenu, Bi Shekuwe."

"Na mimi nilikuwa najua kuwa koplo? Vaa."

Ukumbini walimsukuma katikati. Ngoma ya chakacha inataka kiuno, na kiuno cha Kache hakijawahi kupewa ruhusa ya kwenda upande wake peke yake. Alikwenda mbele hatua mbili, akageuka nyuma kwa kisigino, sawasawa kama uwanjani. Fadhiya, aliyeambiwa akae kimya na kuinamisha macho kama bibi harusi, alishindwa, akaficha uso kwa upepeo huku mabega yakimtikisika. Wanawake wawili wakamshika Kache kiunoni, mmoja huku mmoja kule, wakamfundisha pole pole. Hakujua vizuri siku ile, na kusema kweli hata baadaye hakujua sana. Lakini hakuketi.

Jina la Kombania likashika. Ikiwa kuna harusi, Kombania. Ikiwa kuna msiba, Kombania hiyo hiyo, na Kache akifika kutoka Kizingo hukuta kazi yake yamngoja. Mtu akijifungua, walijipanga zamu za kumpikia uji. Walikuwa wakigombana pia, hasa Bi Shekuwe, aliyekataa kabisa kuondolewa ukoplo hata alipochelewa. Kache akimkaripia hujibu, "Niandikie mashtaka," na kumwekea hamri mkononi.

Desemba ya mwaka huo nduguye Kache, Kadenge, alikuwa akioa kule Kaloleni. Kache alitaja habari hiyo siku moja wakimenya viazi, aombe tu ruhusa ya kukosa shughuli ya Jumamosi.

"Utapikiwa na nani huko?" akauliza Bi Mwanaesha.

"Watu wa nyumbani. Mama, na mashangazi."

"Na sisi tu nani?"

Jumamosi hiyo lori lilikwea kilima cha Mazeras limejaa wanawake wa Kuze, mabuibui yakipepea, nyungo, miiko na magunia ya nazi miguuni. Kaloleni watu waliacha kazi wakaja kutazama. Kadenge, amevaa suti mpya, alihesabu waliokuwa wakishuka, akaacha kuhesabu, akamvuta dadake kando.

"Dada, umeniletea jeshi?"

"Ndiyo," akasema Kache. "Liambie likae wapi."

Ng'ombe alichinjwa na jirani Mwislamu ili wote wale sufuria moja. Bi Shekuwe na mamake Kache walibishana asubuhi nzima kuhusu tui: la kwanza litiwe lini. Kila mmoja alisema kwa lugha yake na kila mmoja alidai hamwelewi mwenziwe, lakini mkono wa mmoja ulipochoka kukuna, wa mwingine uliipokea mbuzi ya kukunia nazi. Mchana ngoma ya Kigiriama ilipoanza, ya mabega, ikawa zamu ya wanawake wa Kuze kusukumwa katikati. Bi Mwanaesha alitikisa mabega mpaka kilemba chake kikafunguka. Mamake Kache, aliyekuwa hatembei sana siku hizo, aliinuka kitini kwenda kumfunga upya.

Alasiri dereva akapiga honi. Kadenge akamshika dadake mkono amwombe akae walau wiki nzima, na mama naye akaongeza lake.

"Nitarudi mwezi ujao, mama," akasema Kache. "Jumanne twachagua mchele kwa kina Fahmi, anaoza bintiye, na nisipokuwako hawa watapigana."

"Tumekwishaanza!" akapaaza Bi Shekuwe kutoka juu ya lori. "Nani kakalia mwiko wangu?"

Mama akacheka, akamwachia mkono. Kache akaweka mguu mmoja kwenye gurudumu. Goti likalia. Kutoka juu ikashuka mikono mitano au sita kwa pamoja, ikamshika kwapani, kwenye mkono, kwenye mkanda wa suruali, ikamvuta hadi akaangukia katikati yao, juu ya magunia matupu, akicheka.